Kutengeneza upya tovuti ya shirika la kanisa: mambo ya kupanga mbele ya kumwita fundi

Makanisa yetu ya mashariki yana mashirika mengi ya kazi za kijamii: hospitali na vituo vya afya, shule, vikundi vya akiba vya akina mama, nyumba za kupokea watoto, biro za maendeleo na za msaada wa haraka. Mengi ya mashirika hayo yana tovuti iliyotengenezwa zamani, mara na kijana wa kanisa aliyejitolea, mara na rafiki wa ng'ambo. Leo tovuti hiyo inaonyesha mratibu aliyekwisha kustaafu, nambari ya simu isiyojibu, na mradi uliofungwa zamani. Ndipo baraza la uongozi linasema: tuitengeneze upya.

Mara nyingi mazungumzo ya kwanza huwa juu ya rangi, nembo na picha kubwa ya ukurasa wa kwanza. Sisi tunashauri kugeuza utaratibu huo. Sura ya tovuti huja mwisho. Kwanza shirika linapashwa kujua linasema na nani, lina nini mkononi, nani anashika funguo, na nani atailisha tovuti baada ya fundi kuondoka. Shirika lisiloweza kujibu maswali hayo manne litapata tovuti nzuri kwa macho, na baada ya miaka miwili litarudi pale pale.

Tovuti inakuja kwa nani?

Muulize kila mjumbe wa baraza swali hili, na wengi watajibu: wafadhili. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu. Andikeni orodha ya watu halisi wanaoweza kufungua tovuti yenu, na mbele ya kila mmoja andikeni neno moja analotafuta.

Mama mjamzito au mume wake anatafuta kujua kama kituo cha afya kinafanya kazi usiku, kiko mtaa gani, na kulipa ni ngapi. Mzazi anatafuta tarehe ya kuandikisha mtoto. Kijana mwenye diploma anatafuta matangazo ya kazi. Mfanyabiashara anatafuta tangazo la zabuni. Mtumishi wa Serikali anatafuta hati za shirika. Mshirika wa Ulaya au Marekani anatafuta ripoti ya mwaka na hesabu. Mkristo wetu aliyehamia Kampala, Nairobi au Ubelgiji anatafuta njia ya kutuma mchango kwa shule iliyomlea.

Mkiisha kuandika orodha hiyo, chagueni mambo matano yanayotafutwa na watu wengi zaidi. Hayo matano ndiyo yakae kwenye ukurasa wa kwanza, yaonekane bila kutafuta. Historia ya shirika, neno la mwenyekiti na picha za uzinduzi zina nafasi yake, lakini ndani zaidi.

Serikali ya Uingereza ilifanya kazi ya namna hii kwa kiasi kikubwa sana. Tarehe 17 Oktoba 2012 ilifungua tovuti moja, GOV.UK, mahali pa tovuti mbili za zamani, Directgov na Business Link. Watengenezaji hawakuhamisha kila ukurasa jinsi ulivyokuwa. Waliuliza kwanza mwananchi anahitaji kufanya nini, kisha wakaandika kurasa kwa ajili ya hitaji hilo. Shirika dogo la Butembo, Bunia au Uvira linaweza kuuliza swali lile lile kwa kalamu na karatasi, bila kutumia hata dola moja.

Kuhesabu kilichopo

Nehemia alipofika Yerusalemu alizunguka kwanza usiku na kuutazama ukuta, pale ulipobomoka na pale uliposimama, mbele ya kuwaambia watu wainuke kujenga. Kazi ya tovuti ina usiku wake wa namna hiyo. Inafaa mtu mmoja mwenye subira apewe wiki mbili za kufungua kila ukurasa wa tovuti ya zamani na kuuandika katika jedwali lenye nguzo tano: anwani ya ukurasa, unasema nini, uliandikwa lini, nani katika shirika anajua kama bado ni kweli, na uamuzi. Maamuzi ni manne tu: ubaki, urekebishwe, uunganishwe na mwingine, au uondolewe.

Jedwali hili huleta faida mbili. Kwanza, linaonyesha kwamba tovuti ya kurasa 120 pengine inahitaji 35 tu, na bei ya kazi inashuka. Pili, linaokoa vitu ambavyo havipo mahali pengine. Katika eneo ambalo biro zimeporwa na karatasi zimeungua, ripoti ya zamani iliyowekwa kwenye tovuti inaweza kuwa nakala ya pekee iliyobaki. Msiifute mbele ya kuihifadhi kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Kama tovuti ya zamani imekwisha kupotea, tafuteni anwani yake katika Wayback Machine, hazina ya Internet Archive iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2001. Huko zimehifadhiwa nakala za tovuti nyingi za dunia, hata ndogo.

Nani anashika funguo?

Hapa ndipo mashirika mengi hupoteza tovuti. Tovuti ina funguo tatu. Wa kwanza ni jina lake, yaani anwani ambayo watu huandika. Wa pili ni seva, mahali kurasa zinapohifadhiwa. Wa tatu ni neno la siri la kuingia ndani na kuandika. Jina na seva hulipiwa kwa kipindi, mara nyingi kila mwaka. Malipo yakisahauliwa, tovuti inafungwa, na jina linaweza kununuliwa na mtu mwingine, ambaye ataweka humo lolote apendalo chini ya jina la shirika lenu.

Basi mbele ya kazi yoyote, jueni jina la tovuti limeandikishwa kwa nani. Kama limeandikishwa kwa jina la fundi au la mfanyakazi wa zamani, ombeni lihamishiwe kwa shirika, kwa heshima na kwa maandishi. Barua pepe ya uandikishaji iwe ya biro, kama ile ya katibu, isiwe ya mtu binafsi. Maneno ya siri yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa, yakae katika sanduku la mhasibu pamoja na hati za shamba. Tarehe ya kulipa iandikwe katika kalenda ya mweka hazina, na fedha yake iwe mstari katika bajeti ya kila mwaka.

Juu ya jina lenyewe, mashirika mengi hutumia .org. Wengine huchagua .cd, herufi za nchi yetu. Wakati wa Zaire herufi zilikuwa .zr. Nchi ilipobadilisha jina mwaka 1997, .cd ikachukua nafasi, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kabisa. Kila anwani iliyobaki chini yake ikafa. Kwa hiyo shirika lenye jina linalojulikana lisilibadilishe kwa sababu tu fundi mpya amependa lingine.

Uzito wa ukurasa na mega za msomaji

Wasomaji wetu wengi hufungua tovuti kwa simu, na wananunua mega kidogo kidogo. Ukurasa mzito ni kodi juu ya maskini. Picha moja inayotoka katika simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti 4. Ukiweka kumi kwenye ukurasa mmoja, msomaji analipa megabaiti 40 mbele ya kujua saa za kliniki. Picha zile zile zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1200 na kubanwa vizuri, kila moja inaweza kushuka chini ya kilobaiti 200. Zote kumi hazifiki megabaiti 2. Jicho halitaona tofauti kwenye simu, lakini mfuko utaona.

Andikeni katika mkataba kwamba ukurasa wa kwanza usizidi megabaiti 1, na kwamba utajaribiwa kwa simu ya bei ndogo, nje ya mji, si kwa kompyuta ya fundi peke yake. Nambari za simu na saa za kazi ziandikwe kwa maneno, zisifichwe ndani ya picha. Kila picha iwe na maelezo mafupi, ili ndugu asiyeona, ambaye simu humsomea, apate habari kama wengine. Maandishi yawe na rangi inayotofautiana vya kutosha na nyuma yake. Kanuni za kimataifa, ziitwazo WCAG, zinadai uwiano wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu chepesi juu ya nyeupe hakisomeki juani.

Lugha na ukweli mmoja

Katiba ya 18 Februari 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha ya kazi za Serikali, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Hata hivyo tovuti nyingi za mashirika yetu ni za Kifaransa peke yake, au za Kiingereza kwa ajili ya wafadhili. Kutafsiri kila kitu ni mzigo mkubwa, na tafsiri zisizofuatiliwa huoza haraka. Tunashauri kugawa: kurasa za huduma, saa, bei, malalamiko na michango ziwe za Kiswahili na Kifaransa, hati za Serikali na zabuni zibaki Kifaransa, muhtasari wa ripoti ya mwaka uwe pia wa Kiingereza.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya tafsiri. Shirika likiwa na kurasa za lugha ya wageni ambazo watu wa kijiji hawawezi kusoma, linaanza pole pole kusema juu yao maneno ambayo lisingesema mbele yao. Mama anayeitwa shujaa kwa Kiswahili anakuwa mhanga asiye na kitu kwa Kiingereza. Kipimo chetu ni hiki: kila habari juu ya mtu au kijiji isomwe kwa sauti, kwa lugha yao, mbele yao. Ikiwa msomaji anaona haya kuisoma, isiandikwe kwa lugha yoyote.

Picha, majina na usalama

Kutengeneza upya tovuti ni nafasi ya kuondoa picha ambazo hazikupaswa kuwekwa. Katika sehemu zetu, uso wa mtu pamoja na jina la kijiji chake vinaweza kumletea wenye silaha, au kumtenga na jamaa. Mama aliyebakwa, mtoto aliyetoka katika kundi la silaha, mgonjwa wa UKIMWI, shahidi wa mauaji: hawa wasionyeshwe uso, wasitajwe jina, na mahali pasitajwe kwa karibu. Hata kama walikubali siku ile, mtu aliyekubali akiwa anangoja dawa au unga hakuwa huru kukataa.

Kumbukeni pia kwamba picha ya simu inaweza kubeba ndani yake alama za mahali ilipopigwa. Fundi aondoe alama hizo kwa picha zote kabla ya kuziweka. Kila picha mpya iwe na karatasi ya ruhusa, iliyoelezwa kwa lugha ya mhusika, inayosema anaweza kuondoa ruhusa yake na kwa njia gani. Kwa mtoto, mzazi au mlezi atie sahihi, na mtoto mwenyewe aulizwe. Haya si ya adabu tu. Sheria ya mambo ya kidijitali ya nchi yetu, ordonansi-sheria nambari 23/010 ya 13 Machi 2023, ina vifungu juu ya ulinzi wa habari za watu binafsi, na mashirika ya kanisa yako chini yake kama wengine.

Hati na fedha

Shirika lisilo la kutafuta faida, lile liitwalo ASBL, linaongozwa na sheria nambari 004/2001 ya 20 Julai 2001. Tovuti ionyeshe hati ya kutambuliwa kwa shirika na nambari yake, majina ya wajumbe wa baraza, na ripoti za miaka mitatu ya mwisho pamoja na hesabu. Mshirika wa mbali akikuta hayo haraka, maswali yanapungua. Mkristo wa karibu naye ana haki ya kujua fedha ya kolekti yake ilikwenda wapi.

Kama mnapokea michango kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, akaunti iwe ya shirika. Nambari ya mtu binafsi isiwekwe, hata ya mchungaji. Andikeni jina ambalo mtoaji ataona kwenye simu yake mbele ya kuthibitisha, ili matapeli wanaoiga ukurasa wajulikane. Wekeni pia nambari ya kupokea malalamiko, ijibiwe na mtu asiye chini ya mratibu.

Fundi na mkataba

Mkiisha kufanya kazi hiyo yote, mna waraka wa kurasa nne au tano: wasomaji, orodha ya kurasa, lugha, uzito, usalama, tarehe. Sasa mnaweza kuwaita mafundi wa informatiki watatu na kulinganisha bei kwa haki, kwa sababu wote wanajibu jambo moja. Bila waraka huo, kila mmoja atauza tovuti ya ndoto yake.

Tunashauri mfumo wa wazi unaojulikana na mafundi wengi, kama WordPress, ambao programu yake ni ya bure na umekuwepo tangu 2003. Mfumo alioutunga fundi peke yake huwafunga kwake maisha yote. Malipo yagawanywe mara tatu: mwanzo wa kazi, baada ya jaribio, na mwezi mmoja baada ya kufungua. Mkataba useme wazi kwamba maandishi, picha na funguo zote ni mali ya shirika, na kwamba watu wawili wa biro watafundishwa kuandika na kuweka nakala za akiba. Tovuti iwe na ile alama ya kufuli inayolinda mawasiliano. Cheti chake kinapatikana bure kwa Let's Encrypt tangu mwisho wa 2015, kwa hiyo msikubali kutozwa bei kubwa kwa cheti cha kawaida.

Siku ya kuhama

Tim Berners-Lee, aliyependekeza mtandao wa kurasa mwaka 1989 akiwa CERN, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani njema haibadiliki. Washirika wameandika anwani zenu katika ripoti zao, na injini za kutafuta zimezikariri. Kwa hiyo kila anwani ya zamani inayobadilika ielekezwe moja kwa moja kwa ukurasa mpya unaolingana nayo. Fundi anaijua kazi hii kwa nambari 301. Jedwali lenu la ukaguzi ndilo litakalomwongoza.

Mbele ya kufungua, waiteni watu watano wasiofanya kazi katika biro: mama wa soko, mwalimu, muuguzi, mwanafunzi, mzee wa kanisa. Mpe kila mmoja simu na kazi moja, kama vile kutafuta bei ya kujifungua, kisha nyamazeni na kutazama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufunua sehemu kubwa ya kasoro. Rekebisheni, kisha jaribuni tena. Msifungue tovuti mpya katika wiki ya mkutano mkuu wala ya Noeli, wakati hakuna mtu wa kutengeneza kinachovunjika.

Baada ya kufungua

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu ya Goma ikaamriwa kuhama, jamaa za watu waliokuwa njiani kwenda Sake, Bukavu na Rwanda walitaka kujua hospitali ipi iko wazi na watoto waliopotea wanapokelewa wapi. Saa kama hiyo hakuna nafasi ya kumtafuta fundi. Ombeni mstari wa tangazo juu ya ukurasa wa kwanza, ambao watu wawili wanaweza kuubadilisha kwa simu kwa dakika tano. Mtu wa tatu mwenye ufunguo huo akae nje ya nchi. Mwishoni mwa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu. Siku kama hizo mtu wa nje anaweza kuandika habari anayopewa kwa simu ya kawaida. Na kwa wa ndani, redio na ubao wa kanisa bado vinahitajika.

Kila ukurasa uwe na jina la mwenye kuutunza na tarehe ya kuupitia, walau mara mbili kwa mwaka. Ukurasa usio na mtunzaji uondolewe. Katika bajeti, wekeni fedha ya mwaka wa pili na wa tatu siku ile ile mnapoweka ya mwaka wa kwanza: jina, seva, saa chache za fundi, na posho ya mwandishi.

Kwa kawaida kazi hii inahitaji kama miezi minne: mmoja wa wasomaji na ukaguzi, mmoja wa kuandika maandishi na ruhusa za picha, mmoja wa fundi, na mmoja wa majaribio na mafunzo. Anayeanza wiki hii aanze na swali ambalo jibu lake halina bei: jina la tovuti yetu limeandikishwa kwa nani, na linakwisha tarehe gani?